Kutoka Johannesburg hadi Dakawa: Habari ya Njia ya Angani



Kazi yangu ni kuwafundisha vijana watakaokuwa walimu, na katika somo la jiografia iko siku moja kila mwaka niingojayo kwa furaha. Siku hiyo naleta darasani tufe la dunia na uzi mwembamba. Mwanafunzi mmoja ashika ncha ya uzi juu ya Dar es Salaam, na mwenziwe aivuta ncha ya pili hata London. Uzi ukikazwa barabara hujilaza wenyewe katika njia iliyo fupi kuliko zote, na hiyo ndiyo njia aitakayo rubani. Kisha twaupima uzi ule na kuulinganisha na kipimo cha tufe, nasi twapata kilometa zipatazo 7,500. Ndege kubwa za siku hizi huenda kilometa 850 hata 900 kwa saa. Basi twagawanya, na jibu ni saa nane na nusu, au kuzidi kidogo. Hesabu imekwisha, na wanafunzi wote wamefurahi.

Mwaka mmoja kijana mzaliwa wa Dakawa aliinua mkono. Alikuwa amekwisha kupima mwenyewe njia ya Dar es Salaam na Johannesburg, akapata kilometa 2,440 hivi, yaani safari ya saa tatu na nusu. Akauliza, "Mwalimu, wazee wetu husema kwamba wageni wa Afrika ya Kusini waliokaa kwetu zamani walisafiri majuma na miezi kabla ya kufika. Kama njia ni saa tatu na nusu, walikuwa wapi siku zote hizo?"

Uzi wangu haukuwa na jibu. Jibu lilikuwa katika habari za zamani, nami nataka kuwapeni habari hizo leo.

Kwa wale wasioijua Dakawa, ni mahali penye mto Wami, kilometa hamsini hivi kutoka mji wa Morogoro, katika njia kuu iendayo Dodoma. Nchi yake ni tambarare, na mashamba ya mpunga yamejaa huko. Ukigeuka kuitazama kusini waiona milima ya Uluguru imesimama mbali, rangi yake kama moshi. Hapana kiwanja kikubwa cha ndege Dakawa. Walakini jina la mahali hapa limefungwa pamoja na jina la kiwanja kikubwa kuliko vyote vya Afrika ya Kusini, tena mara mbili, kama mtakavyosikia.

Mara ya kwanza ni katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi wa Agosti 1916 jeshi la Jemadari Jan Smuts, mtu wa Afrika ya Kusini, lilishuka kutoka kaskazini likiwafuata Wajerumani. Likapigana nao penye Wami karibu na Dakawa, kisha likaingia Morogoro tarehe 26. Jeshi hilo lilikuwa na ndege chache za kupelelezea, ila watu wenyewe walikwenda kwa miguu na kwa farasi, na mizigo ikachukuliwa na wapagazi wetu, ambao wengi walikufa kwa maradhi na njaa. Baadaye, kiwanja kikubwa cha ndege kilipojengwa Johannesburg, kiliitwa kwa jina la Smuts. Likumbukeni jina hilo, maana nitalirudia.

Baada ya vita watu wa Ulaya walitaka sana kuifupisha njia ya kutoka London hata Cape. Mwaka wa 1920 marubani wawili, van Ryneveld na Brand, waliondoka Uingereza tarehe 4 Februari, wakafika Cape Town tarehe 20 Machi. Walivunja ndege mbili njiani na kumaliza safari kwa ya tatu. Siku zizo hizo ndege nyingine iliyojaribu njia hiyo ilianguka Tabora, na safari yake ikakoma pale pale. Katika mwaka wa 1932 kampuni ya Imperial Airways ilianza kupeleka barua na wasafiri mpaka Cape Town. Ndege zake zilishuka Moshi, Dodoma na Mbeya, na safari nzima ilichukua siku kama kumi na moja, kwa kuwa usiku abiria walilala mahali pa kupumzikia. Miaka ishirini baadaye, tarehe 2 Mei 1952, ndege ya kwanza ya abiria iendayo kwa injini za jeti iliondoka London, ikafika Johannesburg kwa saa 23 na dakika 34. Siku kumi na moja zimekuwa siku moja isiyotimia! Ilionekana kana kwamba dunia itazidi kupungua tu, na kwamba jambo hili ni la mafundi wa injini peke yao.

Lakini angalieni ndege hizo zilipita wapi. Zilipita juu ya Misri, Sudan, Uganda, Kenya, Tanganyika na Rhodesia. Karibu nchi zote hizo zilikuwa, au zilikuwa zimekuwa, chini ya mkono wa Uingereza. Ilikuwa kama nyumba ndefu yenye vyumba vingi na mwenye funguo mmoja. Ndege za Afrika ya Kusini zilipita humo bila kubisha hodi, zikatua Nairobi kutia mafuta, kisha zikaendelea Ulaya.

Sasa ipo sheria ambayo kila mwanafunzi apaswa kuijua. Mwezi wa Desemba 1944 wajumbe wa mataifa mengi walikutana Chicago, katika Marekani, wakafanya mapatano juu ya safari za ndege. Neno la kwanza la mapatano hayo ni kwamba kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga iliyo juu ya nchi yake. Maana yake, mbingu si njia isiyo na mwenyewe. Shamba lako likiwa lako, hata hewa iliyo juu yake ni yako, na apitaye sharti akupate ridhaa. Mwaka wa 1944 neno hilo halikubadili kitu kwetu, kwa kuwa hatukuwa na dola. Lakini Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, tulipewa pamoja na bendera ufunguo wa anga yetu, na nchi moja baada ya moja zikapewa zao.

Wakati huo katika Afrika ya Kusini watu weusi, walio wengi kuliko wote, walikuwa wakitawaliwa kwa sheria za ubaguzi wa rangi. Hawakuwa na kura, walichukua pasi kama wageni katika nchi ya baba zao, na vyama vyao vilikuwa vimepigwa marufuku tangu 1960. Tarehe 6 Novemba 1962 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliyaomba mataifa yote yavunje uhusiano na serikali hiyo, yasinunue bidhaa zake, tena yazikatalie ndege zake kutua wala kupita. Mwezi wa Mei 1963 wakuu wa nchi huru za Afrika walikutana Addis Ababa wakaanzisha Umoja wao, na jambo la Afrika ya Kusini likawa moja ya mambo makubwa ya mkutano. Mwaka huo huo funguo zikaanza kugeuzwa. Kaskazini kukafungwa, mashariki kukafungwa, na ndege za serikali ya makaburu zikakuta nyumba ile ndefu imefungwa milango.

Hapo ndipo uzi wetu waanza kutufundisha. Kutoka Johannesburg hata London kwa njia iliyonyoka ni kilometa 9,070 hivi. Njia hiyo ilipofungwa, ndege za Afrika ya Kusini zilikwenda magharibi mpaka baharini, zikalizunguka bara letu kwa upande wa Atlantiki, penye lile tumbo la Afrika litokezalo kuelekea Marekani. Ziliegemea Luanda na visiwa, kwa kuwa Angola ilikuwa bado mikononi mwa Wareno. Baadaye kituo chao kikubwa kikawa kisiwa kiitwacho Ilha do Sal, yaani Kisiwa cha Chumvi, katika visiwa vya Cape Verde. Pimeni nanyi: kutoka Johannesburg mpaka kisiwa hicho, hata kwa uzi ulionyoka, hakupungui kilometa 7,200, na kutoka hapo mpaka London ni 4,300 na zaidi. Jumla yapita 11,500. Kwa hiyo kila safari iliongezeka kilometa 2,500 kwa uchache, na hizo ni saa tatu za mafuta, za mishahara na za machofu, kwenda na kurudi, kwa miaka karibu ishirini na minane.

Makaburu walikuwa na fedha, nao walijaribu kuushinda mzunguko kwa fedha. Walinunua namna ya ndege ya Boeing 747 iliyofupishwa mwili ili iende mbali bila kutia mafuta. Ya kwanza ilipokabidhiwa, mwezi wa Machi 1976, iliruka kutoka Marekani hata Cape Town bila kutua, kilometa 16,560 kwa saa 17 na dakika 22. Lilikuwa jambo la ajabu katika ufundi wa ndege siku zile. Lakini mtu mwenye akili huuliza, kwa nini mtu atake mashua ya kuizunguka dunia ili kwenda mji ambao zamani aliufikia kwa njia fupi? Ajabu ile yenyewe ilikuwa ushahidi kwamba milango imefungwa kweli kweli.

Mwalimu hapaswi kuwaficha wanafunzi wake upande wa pili wa habari. Kufunga kule hakukuwa kamili. Kampuni za Ulaya ziliendelea kupita juu ya Afrika kwa njia fupi na kushuka Johannesburg, na abiria wenye haraka walipanda ndege hizo. Malawi ilikaa katika urafiki na Pretoria. Cape Verde nayo ilipopata uhuru mwaka wa 1975 haikukifunga kisiwa chake, kwa maana ni nchi yenye ukame na umaskini, na ada za ndege hizo zilikuwa sehemu kubwa ya chakula chake. Sisi tulio na mito na mashamba tusiwe wepesi wa kuwahukumu. Jambo la haki likifanywa na wengi, mzigo wake hauwaangukii wote sawasawa.

Sasa narudi kwa swali la yule kijana wa Dakawa. Nchi zetu zilipoirefusha njia ya makaburu, je, njia ya wapigania uhuru ilikuwaje?

Mwezi wa Januari 1962 Nelson Mandela alitoka nchini mwake kwa siri. Alivuka mpaka kuingia Bechuanaland, ambayo leo ni Botswana, na kutoka Lobatse akachukuliwa na ndege ndogo mpaka Kasane, kisha Mbeya, mji ule ule ambao Imperial Airways walikuwa wakishuka miaka thelathini nyuma. Alipofika Mbeya aliona hotelini watu weusi na weupe wamekaa pamoja pasipo mtu kushangaa, na hilo lilimwingia moyoni. Dar es Salaam alionana na Mwalimu Nyerere. Hakuwa na pasi ya kusafiria, kwa hiyo Tanganyika, nchi iliyokuwa na umri wa majuma machache, ilimwandikia karatasi ya kumtambulisha na kumruhusu atoke na arudi. Kwa karatasi hiyo akasafiri Afrika.

Si wote waliopata ndege. Mwezi wa Agosti 1963 watu wawili waliotoroka gerezani Johannesburg, Arthur Goldreich na Harold Wolpe, walifika Bechuanaland wakingoja kupelekwa Dar es Salaam. Ndege iliyokodiwa Afrika Mashariki ije kuwachukua ilitua Francistown, na usiku ikaharibiwa kwa baruti. Walifika mwishowe, lakini kwa ndege ndogo na kwa mzunguko. Fikirini pia hali ya waliokimbilia Lesotho. Nchi hiyo imezungukwa pande zote na Afrika ya Kusini, wala ndege haiwezi kutoka huko ila ipite katika anga ya makaburu. Sheria ile ya Chicago ni upanga wenye makali mawili.

Baada ya wanafunzi wa Soweto kupigwa risasi tarehe 16 Juni 1976, vijana walianza kutoka kwa maelfu. Walivuka usiku kwa miguu, wengine kuingia Swaziland, wengine Botswana, wengine Msumbiji. Walingoja makambini, wakaulizwa habari zao, wakangoja tena karatasi na nafasi katika ndege. Walikuwa watoto wa shule, na wengi hawakuwa wameagana na mama zao. Basi, ndugu yangu wa Dakawa, siku zile zote walikuwa huko: vichakani, mipakani, na katika vyumba vya kungojea. Saa za kuruka zilikuwa chache tu. Kungoja ndiko kulikokuwa safari.

Chama chao, ANC, kilikuwa kimeweka makao Morogoro tangu miaka ya sitini, na mkutano wake mkubwa wa 1969 ulifanyika mjini humo. Serikali yetu iliwapa shamba la zamani la mkonge la Mazimbu, na pale wakajenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Mazimbu ilipojaa, mwaka wa 1982 walipewa ardhi Dakawa. Wakapiga mahema, wakafyeka, wakajenga nyumba na karakana kwa msaada wa watu wa Norway na wengine. Kilikuwapo pia kituo cha kuwapokea wageni wapya, kilichoitwa kwa jina la Ruth First, mwanamke aliyeuawa Maputo mwaka huo huo kwa bomu lililofichwa katika barua. Tarehe 16 Machi 1984 Msumbiji, ikiwa imechoshwa na vita, ilifanya mapatano na Pretoria penye mto Nkomati, na wengi waliokuwa Maputo wakalazimika kuondoka. Baadhi yao wakaja kwetu. Rafiki mmoja alipofungiwa mlango, wa pili hakuweza kufunga wake.

Hatukutoa kilichotuzidi. Wazee wa Dakawa wakumbuka vizuri miaka ile ya themanini, sukari na sabuni zilipokuwa adimu madukani. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Tarehe 2 Februari 1990 marufuku ya vyama iliondolewa, na siku tisa baadaye Mandela akatoka gerezani. Mwezi wa Desemba mwaka huo Oliver Tambo, aliyekiongoza chama ugenini kwa miaka thelathini, alirudi kwao akiwa mgonjwa, akashuka katika kiwanja kilichoitwa Jan Smuts. Mwaka wa 1991 anga ya Afrika ikafunguliwa tena, na mwishoni mwa mwaka huo Umoja wa Mataifa ukaanza kuwarejesha wakimbizi kwa ndege. Mtu aliyetoka Soweto mtoto, akatembea usiku, akangoja miezi, aliondoka Dar es Salaam asubuhi akala chakula cha mchana kwao. Kwake yeye uzi ulikuwa umenyooka mara ya kwanza. Mwaka wa 1992 Mazimbu na Dakawa zikarudishwa kwa taifa letu.

Nilisema jina la Dakawa limefungwa na kiwanja kile mara mbili. Kiwanja cha Johannesburg kilikuwa kimekwisha kuacha kuitwa Jan Smuts, na mwaka wa 2006 kikapewa jina la Oliver Tambo. Jemadari aliyepita Dakawa na mizinga, na mkimbizi ambaye watu wake walipokelewa Dakawa na jembe, wote wawili majina yao yameandikwa, moja baada ya jingine, mahali pamoja. Nacho kiwanja cha Dar es Salaam chaitwa kwa jina la Mwalimu Nyerere. Asafiriye leo kati ya viwanja hivi viwili aondoka kwa rafiki mmoja na kushuka kwa mwenziwe, ijapokuwa hafikiri hivyo, maana anatafuta kiti chake. Hata jina la Dakawa lenyewe lilisafiri: kazi za kufuma na kuchapa vitambaa zilizoanzishwa huko zilihamishiwa mji wa Grahamstown, ambao leo waitwa Makhanda, na nyumba ya sanaa iliyokaa huko ikaendelea kuitwa Dakawa.

Lakini habari hii haikuisha kwa furaha ya watu wote. Miaka mingi ya kukaa pamoja ilikuwa imezaa ndoa na watoto. Wageni walipoondoka, wapo wake wa Kitanzania waliosafiri na waume zao, na wapo waliobaki Morogoro na watoto, wakingoja barua. Tena wapo wageni ambao hawakurudi kabisa, nao wamelala katika makaburi ya Mazimbu. Kwa mtoto aliyekua pasipo kumjua baba yake, safari ya saa tatu na nusu yaweza kuwa ndefu kuliko maisha yake yote, kwa kuwa hana nauli, wala hana karatasi, wala hajui aulize mlango gani.

Tangu siku ya swali lile nimebadili somo langu. Uzi na tufe bado naleta, na hesabu twaifanya kama kawaida, kwa sababu mwalimu asiyeweza kupima hafai. Ila baada ya hesabu nawauliza wanafunzi maswali mengine mawili: Nani mwenye anga iliyo chini ya uzi huu? Na nani aliyekatazwa kupita? Mafundi wa injini wameifupisha dunia, na twawashukuru. Lakini urefu wa njia kati ya watu na watu huamuliwa na wenye milango, nasi tulikuwa miongoni mwao.

Wasikilizaji wa Dakawa, na wa Morogoro yote, mkiwa na wazee wanaozikumbuka siku zile, waulizeni kabla hawajaondoka, kisha andikeni. Kwa herini.